Mama Mukaguzi Aliyetunyima Kibali

Kazi yake ilikuwa kuangalia kama hospitali inafaa kufundisha. Mambo ya vitanda na friji ya chanjo yalikuwa na wakaguzi wengine, watu wa wizara. Yeye alikuja kwa ajili yetu, madaktari tuliokwisha kumaliza chuo kikuu tukarudi shuleni mara ya pili kujifunza udaktari wa familia. Daktari wa familia, kwa namna tulivyofundishwa, ni yule anayeweza kuzalisha, kupasua na kutibu mtoto mwenye surua, kisha kesho yake akapanda pikipiki kwenda kusimamia kituo cha afya cha kijijini. Kwa wilaya kama yetu ya Fizi, ambapo mgonjwa akishatoka Kilembwe au Lulimba hana pengine pa kwenda ila kwetu Baraka, daktari wa namna hiyo si anasa.

Hospitali yetu ilitaka kibali cha kutufundisha hapo hapo. Kibali kilitolewa na tume iliyokaa mbali, na tume ilimtuma yeye. Manesi walimwita Mama Mukaguzi. Jina likamganda hata sisi tukaacha kutumia jingine.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, nywele nyeupe zimekatwa karibu na ngozi, na alitembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha kitu. Alisema kwa sauti ya chini sana. Tulikuwa tumezoea wakubwa wanaofoka, kwa hiyo siku ya kwanza wengi wetu tulidhani tumepata mkaguzi mpole. Kumbe sauti ile ndiyo ilitufanya tunyamaze wote ili tusikie, na tukishanyamaza hatukuwa na pa kujificha.

Hakula kamwe chakula cha hospitali aliyokuwa akiikagua. Mara yake ya kwanza mkurugenzi aliamuru wapike bugali, samaki wa mukeke wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa mawese, na kuku wawili wa mama mmoja wa jirani. Mama Mukaguzi alikwenda mpaka jikoni, akawashukuru wapishi mmoja mmoja, kisha akatoka nje ya lango akanunua ndizi za kuchoma, akazila amesimama kando ya barabara, vumbi la malori likimpita usoni. Wapishi walikasirika.

"Anafikiri tutamuroga," mmoja alisema, na Mama Mukaguzi akasikia.

Aligeuka akacheka kidogo. "Hapana, mama. Nikikula yenu leo, kesho nitaona haya kusema kweli."

Lakini kwa nyumba yetu sisi wanafunzi alikuja bila kualikwa. Alikunywa chai kwenye vikombe vilivyomeguka, akaongeza sukari mpaka tukatazamana. Na Jumapili, yeye Mkatoliki, aliingia kanisa la Waprotestanti lililo karibu na hospitali kwa sababu alipenda kwaya yao. Huko sauti yake ya chini ilimtoka. Aliimba kwa nguvu, na aliimba vibaya, akitangulia wenzake au kuchelewa, na mwalimu wa kwaya alikuwa akikaza uso asicheke. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha ya namna ile juu ya jambo asiloliweza.

Kwa ile ziara ya kwanza mkurugenzi alikuwa amejiandaa. Masharti yalisema hospitali iwe na madaktari bingwa wanaokaa pale na kusimama karibu na mwanafunzi anapofanya kazi. Sisi tulikuwa na mmoja tu, mpasuaji, ambaye nusu ya siku zake alikuwa kwenye kliniki yake mwenyewe karibu na soko. Basi mkurugenzi aliazima wengine wawili kutoka Uvira, wakavaa makoti meupe yenye nembo yetu, wakapanga mstari barazani. Sisi tuliagizwa kuwaita "mwalimu wetu".

Mama Mukaguzi aliwasalimu wote. Akamshika mkono yule bingwa wa magonjwa ya watoto, bwana mrefu mwenye miwani, akaongea naye kuhusu utapiamlo, na bwana yule alijibu vizuri mno. Kisha akamsogelea kama mtu mwenye haya.

"Samahani, docteur. Choo ya hapa iko wapi?"

Bwana yule alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakujua. Alijaribu kuonyesha upande wa maabara, na upande wa maabara hakukuwa na choo. Mama Mukaguzi alimshukuru, akaenda mwenyewe mpaka vyoo vilipo, nyuma ya wodi ya wazazi. Aliporudi hakumuuliza tena bwana yule swali lolote, na kabla ya saa sita wale wawili walikuwa wamekwisha kuvua makoti.

Alituita mmoja mmoja kwenye chumba kidogo cha mikutano. Swali lake lilikuwa lile lile kwa kila mtu: "Umefundishwa kufanya, ao umefanya tu?" Niliposema nimefanya upasuaji wa uzazi mara nyingi, aliuliza nani alisimama upande wa pili wa meza. Nikasema nesi. Akauliza siku ninapokwama ninamwita nani. Nikasema ninapiga simu. Akauliza kama simu inashika.

Mwenzangu Esperance ndiye aliyekaa naye kwa muda mrefu kuliko sote. Esperance alikuwa binti wa milimani, wa zile familia za wafugaji wasemao Kinyarwanda, na kwetu Baraka, kwa damu iliyomwagika kati ya watu wao na wetu, jambo hilo peke yake lilitosha kumfanya apite njia ya kuzunguka kwenda sokoni. Baadhi ya wagonjwa walikataa mikono yake. Wengine waliikubali walipoona hakuna mikono mingine, kisha wakarudi na mihogo kumshukuru. Alikuwa na vidole vyepesi kuliko vya mtu yeyote niliyesoma naye. Alimwambia Mama Mukaguzi, bila kuficha, kwamba kutoa kizazi kilichopasuka alijifunza kwa kutazama video ya simu.

"Na ulifanya?"

"Nilifanya, mama docteur. Mugonjwa alikuwa anakufa."

"Alipona?"

"Wa kwanza alipona. Wa pili hapana."

Esperance aliniambia kwamba baada ya hapo yule mama alikaa akimtazama mikono.

Hakutufungia siku ile. Alitupa muda na masharti: mabingwa wawili wa kweli, wanaokaa Baraka, na mwanafunzi asiachwe peke yake na kisu. Mkurugenzi alikubali yote. Nadhani alikubali kwa moyo, maana hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huahidi upesi.

Mama Mukaguzi alirudi mwaka uliofuata kwa njia ya Uvira. Barabara ile ilikuwa imeharibika na kulikuwa na watu wenye bunduki. Alifika jioni miguuni ana kandambili za plastiki, moja ya bluu na nyingine ya kijani, hana mkoba. Yeye hakueleza. Dereva ndiye aliyetuambia kwamba walisimamishwa mbele ya Mboko, wakalazwa kifudifudi, wakanyang'anywa kila kitu mpaka viatu, na kwamba yule mama alipoinuka alijipangusa mchanga, akaketi garini na kusema, "Twende, banatungojea."

Asubuhi alikagua hospitali yote na kandambili zile. Mkurugenzi alipoanza kueleza kwa nini masharti hayakutimia, bingwa mmoja amekataa kuja, mwingine amekuja akakimbia, alisema, "Mama docteur, tuko mu vita. Utuhurumie."

Alimjibu kwa upole. "Najua tuko mu vita. Jana njo niliiona. Lakini mupasuaji wenu iko hapa Baraka, na mwanafunzi iko peke yake. Ile si vita njo inafanya."

Mchana wa siku hiyo waliletwa watu wawili kwa pikipiki moja kutoka Lulimba: mwanamke aitwaye Riziki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva asianguke, na shemeji yake nyuma amemshikilia. Alikuwa na uchungu tangu juzi. Njiani uchungu ulikoma ghafla, na shemeji alidhani ni nafuu. Sisi tulipomwekea mkono tumboni tulijua kizazi kimepasuka na mtoto amekwisha kufa.

Mpasuaji alitafutwa. Simu yake ilikuwa imezimwa, na mtu aliyetumwa kliniki alirudi akasema amekwenda Kazimia kwenye msiba. Basi Esperance akanawa, mimi nikanawa kumsaidia, nesi wa usingizi akachoma dawa. Mama Mukaguzi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Sheria ya kazi yake ilimkataza kugusa mgonjwa wa hospitali anayoikagua, na kila mtu alijua alivyoishika sheria.

Esperance alipofungua tumbo, damu ilijaa mpaka hatukuona kitu. Nilikuwa nashika vyuma vya kupanulia. Esperance alianza kuitafuta ile sehemu iliyopasuka, akisukuma vitambaa, na nikamsikia akihesabu kwa Kinyarwanda chini kwa chini, kama mtoto anayejituliza.

Ndipo nikasikia maji ya bomba. Mama Mukaguzi alikuwa ananawa.

Alikuja upande wangu, akanisogeza kwa nyonga. Hakuchukua kisu. "Usitafute kwanza," alimwambia Esperance. "Simamisha damu. Weka ngumi hapa, juu ya mushipa mukubwa, kandamiza mupaka uguse mufupa wa mugongo. Vile. Sasa pumua. Tuko babili."

Na kweli damu ikapungua, tukaona. Kizazi hakikuwa cha kushonwa. Alimwongoza Esperance kukitoa, hatua kwa hatua, kwa sauti ile ile ya chini. Walipofika karibu na kibofu alimshika kifundo cha mkono. "Hapa njo bamama bengi banaharibiwa. Usiamini macho. Tafuta murija wa mukojo na kidole, utasikia inateleza kama kamba ya kiatu. Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Sasa kata, mbali nayo."

Damu ya kuongezea ilikuwa chupa moja, ya shemeji. Riziki aliishi. Alipofungua macho aliuliza mtoto, na Mama Mukaguzi ndiye aliyemwambia. Alikaa naye, ameshika ile kandambili ya kijani mkononi kwa sababu ilikuwa imekatika, mpaka yule mwanamke alipomaliza kulia.

Hospitali nzima ilifurahi. Wapishi walisema sasa lazima ale kwao. Mkurugenzi alitembea kifua mbele, maana aliona mambo yamejipa yenyewe: mkaguzi ameona kwa macho yake tunavyohitajika na tunavyojituma. Nani angetunyima kibali baada ya hapo?

Kesho yake asubuhi alitukusanya wote na kusema hospitali haitapata kibali. Wanafunzi waliopo waondoke, watafutiwe pengine. Wapya wasipokelewe.

Mkurugenzi hakuelewa. "Juu ya nini? Jana si ulijionea? Mama iko muzima."

"Iko muzima juu mi nilikuwa pale," alisema. "Na mi si wa hapa. Kesho naenda."

"Bamama ba Lulimba, nani atabapokea?"

"Sijui," alisema. "Lakini mutu akisikia huyu ni docteur wa famille, anajilaza mezani. Anaamini iko mutu alimufundisha. Siwezi kutia mukono juu ya ile uongo."

Esperance alisimama. Hakupandisha sauti. "Na mi, mama, nitaenda wapi?"

Kwa sisi wengine swali lilikuwa na jibu. Kuna hospitali mbili tatu zenye kibali katika nchi. Lakini binti wa milimani, kwa siku zile, angepita barabara gani, angelala kwa nani? Mama Mukaguzi alijua hivyo. Alimtazama yule aliyemshika mkono jana yake juu ya tumbo la mtu.

"Nitakutafutia nafasi," alisema.

Na alitafuta. Nilikuja kusikia kwa watu wa tume kwamba alipiga simu kwa kila mtu aliyemjua, kwamba aligombana na wakubwa wenzake, kwamba alijitolea kukaa na Esperance nyumbani kwake mwenyewe. Wakurugenzi wa hospitali hizo waliogopa. Walisema wana nafasi, kisha waliposikia jina la ukoo wake nafasi ikajaa. Esperance alivuka kwenda Burundi. Siku hizi anauza dawa kwenye duka la mtu Bujumbura. Tukizungumza kwa simu ananiuliza habari za wodi, kitanda kwa kitanda, na mimi simuulizi habari za duka.

Baraka ilimchukia Mama Mukaguzi. Walisema alitumwa na hospitali za mjini zilizotuonea kijicho. Mchungaji wa kanisa lile alimokuwa akiimba alisema hadharani kwamba kuna watu wanaopenda sheria kuliko watu. Sikumtetea. Mimi nilikwenda kumalizia masomo mbali, kwenye hospitali ambayo mwalimu alisimama nyuma ya bega langu mpaka nikatamani aondoke, na siku alipoacha kusimama nilijua kwa nini alikuwa akisimama. Nilibeba mambo mawili pamoja, na hayakupatana. Mama Mukaguzi alikuwa na haki. Na niliporudi Baraka nikiwa na cheti changu, kibali kilikuwa hakijarudi, wanafunzi hawakuwepo, na madaktari tulikuwa wachache kuliko vidole vya mkono mmoja. Wanawake wa Lulimba waliendelea kuja kwa pikipiki. Wengine walitukuta tumo katika chumba cha upasuaji na mtu mwingine, wakangoja barazani.

Nilimwona tena mwaka huu wa mashaka, watu wa Uvira, alikokwisha kuhamia baada ya kustaafu, walipokimbilia kusini. Walishuka kwa boti na kwa miguu, wakajaa kwa jamaa zao, kisha makanisani, kisha shuleni. Kipindupindu kikafuata, kama kawaida yake. Asubuhi moja ya mvua nilikwenda shule ya msingi iliyo chini ya hospitali kuangalia nani wa kubebwa. Kwenye darasa la tatu, chini ya ubao ambao bado ulikuwa na hesabu za watoto, kulikuwa na bibi mmoja amelala juu ya mkeka, nywele nyeupe zimekatwa karibu na ngozi. Macho yake yalikuwa yamedidimia na ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama.

"Mama Mukaguzi," nilisema.

"Ule alishakufa," alisema. "Mi ni bibi wa darasa ya tatu."

Nilitaka achukuliwe kwanza kwenye machela. Alinionyesha kwa kidevu mtoto wa mwanamke wa pembeni, amelegea. Tulimchukua mtoto. Yeye nilimtundikia maji pale pale, chupa nikaining'iniza kwenye msumari wa ubao, na kwa kuwa mvua ilikuwa nyingi na machela hayajarudi, nikaketi sakafuni.

Maji yalipomwingia kidogo, alianza kuuliza. Si habari za hospitali kwa jumla. Aliuliza, "Kiisha mi kufunga mafunzo, nani alikufa?"

Nilimwambia asijitese, kwamba alifanya ilivyompasa, kwamba hata mimi siku hizi nafikiri ningefanya vile.

"Sikukuuliza ile," alisema. "Ningefunga tena. Nilijua batu batakufa, na nilifunga. Lakini mi nilienda nyumbani na haiko mutu aliniandikia jina hata moja. Miaka yote. Batu ba tume bananiambia niliokoa jina ya badocteur. Sasa we uko hapa. Ulibaona. Nani?"

Nikamtajia Furaha wa Lulimba, aliyekuja wakati nilikuwa na tumbo jingine mezani, akafia kwenye benchi akiwa ameegemea ukuta. Aliuliza alifika akisema au alikuwa amekwisha kunyamaza. Nikasema alisema, aliomba maji. Aliuliza watoto wangapi. Nikamtajia mke wa mwalimu wa Kilembwe. Nikamtajia wasichana wawili wa machimbo ya dhahabu walioletwa siku moja, mmoja akapona. Kila jina alilirudia polepole, midomo mikavu, kama mtu anayejifunza lugha. Hakulia. Mimi ndiye niliyelazimika kusimama na kutazama mvua uani, watu wamekinga ndoo chini ya mabati.

"Bengine sikumbuki majina, mama," nilisema mwishowe. "Balikuwa bengi. Bengine hatukujua hata wakati ule."

Alifumba macho, nikadhani amelala. Nikamshika mshipa wa mkono, bado ulikuwa dhaifu na wa haraka.

"Basi kaa chini," alisema. "Niambie tu vile balifika."

Nikakaa, nikamwambia.